Picha ya Kumfungua Mdomo Mzee Mabaso

Jumamosi ya kwanza ya Juni, wajumbe wa ukoo wa Mohapi walifika Meadowlands, Soweto, kwa akina Mabaso kuposa, wakiwa na chupa ya brandi iliyoviringishwa kitambaa cheupe. Chupa hiyo ndiyo ya kufungua mdomo. Bila hiyo wazee wa upande wa binti hukaa kimya kama maji ya mtungini na kukukodolea macho, hata uwasalimie mara kumi. Chupa ikawekwa mezani kwa heshima zote. Wazee watatu wakaipokea. Wa nne, mkubwa wao na baba mkubwa wa binti, Mzee Bhekithemba Mabaso, akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikarudi kwa wenyewe.

Hakutamka neno. Alitoa kijidaftari mfukoni, akaandika polepole, kisha akampa mdogo wake asome kwa sauti.

"Mimi niliacha pombe zamani. Nasikia kijana wenu ni mpiga picha. Aniletee picha ya mwezi mpevu umekaa juu ya mnara wa Hillbrow, jua linapozama, imepigwa kutoka mlima wa Northcliff. Isipigwe kwingine. Isiungwe kwa kompyuta. Akiileta nitafungua mdomo. Asipoileta, tuonane majira mengine ya baridi, maana mwezi haupiti hapo wakati mwingine."

Mwenye kuoa, Tseliso Mohapi, hakuwamo ndani. Kwa desturi bwana harusi haingii kwenye mazungumzo hayo mpaka aitwe, kwa hiyo alikuwa nje garini, amejikunyata, anatafuna kucha. Mjomba wake, Phoka, alitoka na blanketi lake begani na chupa yake kwapani, akaingia kiti cha mbele akifunga mlango kwa kishindo.

"Umepiga picha ngapi za harusi wewe?"

"Nyingi, Mjomba. Sijui. Mia nne?"

"Basi ya kwako inasubiri moja tu," alisema Mjomba Phoka, akamsimulia. Halafu akaongeza: "Nimeposea watu sita katika maisha yangu. Nimeombwa ng'ombe, nimeombwa koti, nimeombwa jiko la gesi. Kuombwa mwezi, hii ndiyo mara ya kwanza."

Tseliso alicheka, kwa sababu alidhani ni jambo dogo. Alikuwa fundi kweli kweli wa harusi. Katika vitongoji vyote, toka Orlando mpaka Vosloorus, walimjua kama mtu anayeweza kumfanya bibi harusi aliyenuna atabasamu, na mama mkwe anayevuta mdomo aonekane mwenye huruma. Lakini mwezi hakuwahi kuupiga hata mara moja. Kwake mwezi ulikuwa kitu kinachotokeza nyuma ya hema wakati watu wanapakia viti. Kama mngemuuliza siku ile mwezi unachomozea wapi, angejibu, "Huko juu."

Mwezi mpevu ulikuwa unaangukia Jumatano ya wiki iliyofuata, na wajumbe walitakiwa kurudi Jumamosi yake. Siku zilikuwa chache, na kuingia mwaka mwingine bila Thandazile, mchumba wake, hakukuwa jambo analoweza hata kuliwaza. Walikuwa wameshachagua Septemba. Thandazile alikuwa ameshachagua hata rangi ya vitambaa vya meza, na binti yule akishachagua rangi, serikali yenyewe haibadilishi.

Basi Tseliso akajifungia na simu yake, akamtafuta mwalimu. Mtandaoni walimu hawakosekani. Alimpata mmoja wa huko Skotland, mwenye ndevu nyekundu mpaka kifuani, anayefundisha kupiga picha za miji jua likizama na mwezi ukichomoza. Jamaa alifundisha vizuri, hilo lazima tumpe. Alisema mwezi haupandi wima kama lifti, hupanda ukielemea kulia. Kwa hiyo ukitaka ukae juu ya jengo lako, usisimame mahali unapouona ukitokea nyuma ya jengo. Simama mahali utakapouona ukitokea kushoto kwa jengo, nao utapanda wenyewe ukija kulia mpaka ukalie paa. Tseliso aliandika kila neno. Alitafuta mwelekeo ambako mwezi ungechomoza Jumatano ile, akapanda mlima mara mbili na dira, akapima, akapiga hesabu, akachora msalaba wa chaki kwenye jiwe. Alitamani kwenda Jumanne jioni kujaribu, lakini alikuwa na kazi Benoni ya kupiga picha wanafunzi wanaoaga shule, na kazi iliyokwisha kubaliwa haitupwi.

Jumanne hiyo hiyo Thandazile akampigia.

"Baba Mkubwa anakuja kesho."

"Anakuja wapi?"

"Mlimani. Anasema anataka kuhakikisha huchakachui."

"Thandazile! Mimi na yeye haturuhusiwi kuzungumza!"

"Nani amesema atazungumza? Ameandika kwenye daftari lake. Tangu Jumamosi akikusikia unatajwa tu, anaandika. Jana ameniandikia nimnunulie kofia mpya ya kuvaa mlimani."

"Kwani mlima ule una nini?"

"Nimemuuliza. Amekataa kuniandikia."

Jumatano kulikuwa na baridi ya kukata masikio, lakini mbingu ilikuwa safi, haina hata uzi wa wingu. Saa kumi Tseliso alikuwa ameshasimamisha stendi yake ya miguu mitatu juu ya ule msalaba, lenzi ndefu imeelekezwa mashariki. Kule bondeni kulikuwa na bahari ya miti, na ng'ambo yake mji umejipanga, mnara wa Hillbrow katikati umesimama mwembamba kuliko wenzake wote.

Saa kumi na nusu Thandazile akapanda akiwa amebeba kiti cha plastiki, chupa ya chai na mfuko wa maandazi. Nyuma yake Mzee Mabaso alikuwa anakuja kwa fimbo, kofia mpya kichwani, goti moja likimsumbua. Tseliso akavua kofia yake, akakutanisha mikono, akainama. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akautazama msalaba wa chaki. Akautazama mnara. Akautazama tena msalaba, nyusi zikampanda mpaka ukingoni mwa kofia, mdomo ukafunguka kidogo. Akakumbuka. Akaufunga.

Kisha akamnyang'anya Thandazile kiti na kuondoka nacho. Alitembea upande wa kulia, akichechemea juu ya mawe, hatua zaidi ya mia mbili, mpaka kwenye jiwe bapa karibu na ukuta mweupe wa nyumba ya mtu. Akaketi hapo, akajifunika blanketi, akawageuzia uso. Akawanyooshea kidole, halafu akanyoosha kidole chini, pembeni ya kiti chake. Akarudia mara tatu.

"Anataka chai," alisema Tseliso.

Thandazile akampelekea chai. Alirudi amekunja uso. "Ameichukua lakini hakuitaka. Ameendelea kunyoosha kidole."

"Maandazi, basi."

Akampelekea maandazi.

Tseliso alijisikia vibaya. Alijua maana ya mzee kubeba kiti chake na kwenda kukaa mbali. "Ananidharau," alisema. "Hata kukaa karibu na mimi hataki. Goti linamuuma, lakini ameona afadhali aumie."

"Wewe tazama kamera yako," alisema Thandazile. "Baba Mkubwa akikudharau utajua. Hana siri."

Nyuma yao jua likaanza kuzama, na mji ukabadilika rangi. Madirisha ya magharibi yakawaka kama sufuria za shaba, kisha kuta zikawa rangi ya pichi, hata majengo yaliyochoka, yenye vioo vilivyopasuka na nguo zimeanikwa barazani, yakapendeza kama watu waliovalia sherehe. Tseliso alisahau kwa dakika mbili kwamba ana shida. Alipiga picha nne za furaha tu. Halafu, saa kumi na moja na dakika ishirini na kitu, Thandazile akamshika mkono.

"Ule!"

Mwezi ulikuwa unachungulia. Ulitokea kushoto kwa mnara, pale pale alipopiga hesabu, mkubwa, mwekundu kidogo, umebonyea chini. Tseliso aliruka juu kwa furaha. "Nimekwambia! Umekuja nilipouita! Sasa tazama, utapanda unakuja kulia, unakuja, unakuja, mpaka juu ya mnara!"

Wakatazama. Mwezi ukatoka wote. Ukaachana na paa za nyumba. Ukapanda kidogo, na nafasi kati yake na mnara, ambayo ilikuwa ndogo, ikawa kubwa.

"Tseliso," alisema Thandazile, "unaenda kule."

"Subiri."

"Unaenda kushoto."

"Utarudi. Mwalimu amesema unaelemea kulia."

"Huyo mwalimu ameuambia mwezi?"

Kijasho chembamba kikaanza kumtoka, na baridi yote ile. Alisugua macho, akaangalia kwenye lenzi, akaangalia bila lenzi. Hakuna cha kulia wala nini. Mwezi ulikuwa unaukimbia mnara kama mtu aliyemwona mdai wake. Ndipo akasikia kelele za ajabu kutoka upande wa kulia. Mzee Mabaso alikuwa amesimama. Alikuwa anagonga chupa ya chai kwa fimbo. Ngo! Ngo! Ngo! Alipoona anatazamwa, akavua kofia mpya na kuipunga hewani. Akapunga blanketi. Akapiga kifua, akanyoosha kidole chini miguuni pake.

Tseliso, mtoto aliyelelewa kwa adabu, akavua kofia yake tena, akakutanisha mikono, akainama mpaka kiunoni.

Mzee akapiga teke kile kiti cha plastiki. Akashika kichwa. Akajiziba mdomo kwa mkono wa kushoto na kupunga fimbo kwa mkono wa kulia. Walimwona akizunguka pale pale, mashavu yamefura, kama sufuria ambayo mfuniko wake unaanza kucheza. Halafu mfuniko ukaruka.

"KULIA! Njoo huku kulia, wewe mtoto wa Mohapi! Mwezi wetu unakwenda kushoto tangu Mungu auumbe! Acha kuinama, kimbia! KIMBIA!"

Sauti ilifika mpaka kwenye nyumba za chini. Mbwa wote wa Northcliff wakaitikia.

Tseliso hakuuliza swali. Alielewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Mwalimu wa ndevu hakumdanganya. Alimfundisha sawasawa kabisa, ila alimfundisha mwezi wa kwao, kule kaskazini mwa dunia. Huku kwetu kusini mwezi hupanda ukielemea kushoto, na mtoto yeyote wa Soweto aliyewahi kutumwa kuanua nguo jioni angemwambia hivyo, kama angeuliza. Na dawa yake ilikuwa moja. Ukikaa kanisani nyuma ya nguzo, ukisogea kulia, nguzo inakwenda kushoto. Mwezi ulikuwa umekwenda kushoto; ili mnara uufuate, yeye alitakiwa akimbilie kulia, hatua mia mbili na zaidi, kabla mwezi haujapita kimo cha mnara. Alikuwa na dakika nne, pengine tatu.

Akabeba stendi na kamera yake kama mtu anayetoa jeneza kwenye nyumba inayoungua, akatimua mbio. Mguu niponye. Aliruka mawe, akapita kwenye miiba, akapoteza kofia, akateleza na kuanguka kwa magoti, kamera ameinyanyua juu isiguse chini. Thandazile alikuwa nyuma yake na begi, anakimbia na kucheka na kulia kwa pamoja. Kila alipoutupia macho mji, Tseliso aliuona mnara ukitembea. Naam, ulikuwa unatembea, hatua kwa hatua, ukiufuata mwezi kwa nyuma. Na kwenye jiwe bapa mzee alikuwa bado anafoka.

"Usiangalie mji, angalia miguu! Kulia zaidi! Zaidi! Hapo! Hapana, si hapo, huku nilipo! Unadhani nimekaa hapa kuota jua?"

Tseliso alipiga stendi chini, akapiga magoti, akalenga. Mwezi ulikuwa umeshagusa ncha ya mnara. Lakini kati ya lenzi na mji alikuwa amesimama Mzee Mabaso, mkono umenyooka, mdomo wazi. Kidole cha Tseliso kilibonyeza kwa mazoea tu, kama kinavyobonyeza harusini bibi anapopita na sahani.

"Baba, samahani sana, inama!"

Mzee wa miaka sabini na mbili, mkuu wa ukoo, alichuchumaa na goti lake bovu bila kunung'unika. Na pale mbele yao mwezi ukakaa juu ya mnara wa Hillbrow, katikati, bila kuegemea huku wala kule, anga la zambarau nyuma yake na mwanga wa mwisho wa jua kwenye kuta za mji. Tseliso alipiga picha kumi na moja. Ya kumi na mbili mwezi ulikuwa umeshajiondokea, umeelea peke yake.

Hapo ndipo Mzee Mabaso alipokumbuka alilofanya. Alijipiga kofi mdomoni, akaufunika kwa viganja vyote viwili, macho yamemtoka pima. Thandazile alikaa chini na kucheka mpaka akajishika mbavu.

Tseliso akamgeuzia mzee kioo cha kamera. Mzee akainama, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyotazama picha ya mwezi. Akanyoosha kidole kimoja, akakisogeza karibu na ncha ya mnara, akakirudisha bila kugusa. Machozi yakamtiririka. Akaonyesha kwa mkono kwamba ni upepo, ingawa jani hata moja lilikuwa halitikisiki. Halafu akatoa daftari, akaandika, akampa Thandazile.

Thandazile akasoma: "Sikusema kitu."

"Sikusikia kitu, Baba," alisema Tseliso.

Jumamosi alikuwa tena garini mbele ya nyumba ya Meadowlands, tena anatafuna kucha, ila safari hii kioo cha dirisha kiko wazi. Mjomba Phoka alikuwa ameingia na bahasha. Tseliso alikuwa ametia ndani picha moja tu, ile nzuri. Hakujua kwamba Thandazile, aliyekwenda kuichukua dukani kwa msafishaji picha, alikuwa ametia na ya pili.

Kwanza alisikia bahasha ikichanwa. Kisha sauti ya Mjomba Phoka, tamu kama asali.

"Wazee wangu, nashukuru mmeipokea. Ila nina swali dogo, na mnisamehe, mimi mtu wa milimani. Hii nyingine hapa. Huyu mwenye kofia mpya, anayefoka, mdomo wazi naweza kuhesabu magego, ni nani? Maana mimi niliambiwa mdomo huu umefungwa mpaka leo."

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Tseliso alisikia mtu anapiga meza, mtu anakohoa chai, na wanawake wa jikoni wanaulizana kuna nini, kisha nao wanajiunga. Kicheko hakikuisha upesi. Kila kilipotulia kuna aliyeitazama picha tena. Baada ya hapo mambo yakaenda kama gari kwenye mteremko, na kabla ya saa saba vigelegele vilikuwa vimefika barabarani.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Aliyetoka kumwita hakuwa mjomba wala Thandazile. Alikuwa Mzee Mabaso mwenyewe, kwa fimbo yake, ile picha nzuri ameikumbatia kifuani. Tseliso alitaka kushuka. Mzee akamzuia kwa mkono, akaegemea dirisha.

"Ile ya kufoka wameshaipigilia ukutani, mashetani wale," alisema. "Sasa sikiliza, maana nina ruhusa ya kusema. Mimi nilikuwa nabadilisha taa nyekundu kule juu ya mnara. Miaka kumi na moja. Mke wangu, MaDlomo, alikuwa anafanya kazi za ndani katika ile nyumba yenye ukuta mweupe, chumba chake nyuma, karibu na jiwe lile. Tulikuwa tunaonana Alhamisi tu, siku yake ya mapumziko. Kila baridi ikifika ananiambia, 'Baba, juzi nilitoka nje kukutazama, mwezi ulikukalia kichwani.' Nikamwambia acha uongo wewe mwanamke. Mimi ndiye niliyekuwa juu. Mwezi ulikuwa mbali mashariki, kule Benoni. Miaka kumi na moja namwita mwongo, na yeye anacheka tu."

Aliinua picha, akaitazama kwenye jua la mchana.

"Kumbe alikuwa ananiona hivi."

Tseliso aliushika usukani kwa mikono miwili. Alijua angefungua mdomo angelia, na hakutaka kulia mbele ya mkwe siku ya kwanza.

"Kesho nataka kumpelekea makaburini, nimwombe radhi," alisema mzee. "Goti hili haliwezi kupanda basi. Utanipeleka, mkwe?"

"Nitakupeleka, Baba. Saa ngapi?"

"Asubuhi. Alikuwa hapendi kuchelewa." Akafungua mlango wa gari kwa mkono wake mwenyewe. "Haya shuka, chakula kinapoa, na mjomba wako ameshaanza kula nyama yako."